Kufungua Hati Zilizofumbwa Katika Distro Mbalimbali za Linux

Katika Kiswahili tendo la kufumba lina pacha wake, nalo ni tendo la kufumbua. Macho hufumbwa na hufumbuliwa. Kinywa hufumbwa na hufumbuliwa. Na maneno pia hufumbwa, ndipo yakaitwa fumbo. Methali husema kwamba fumbo hufumbiwa mjinga, na mwerevu hulifumbua. Lakini limezuka katika zama hizi fumbo la namna nyingine, lisilojali ujinga wala werevu. Hilo ni fumbo la hati zilizofungwa ndani ya kompyuta. Mwenye ufunguo hulifumbua hata akiwa mjinga, na asiye na ufunguo hushindwa hata akiwa mwerevu kuliko wote.

Fumbo hili lina manufaa makubwa. Mtafiti aliyeandika maneno ya wazee waliomwamini, mwalimu atunzaye mitihani, daktari atunzaye habari za wagonjwa, wakili atunzaye wosia, wote hao wana wajibu wa kuficha walichokabidhiwa. Kompyuta ikiibiwa, mwizi hupata chuma na kioo tu, wala hapati siri za watu. Walakini manufaa hayo yana upande wa pili. Kufuli halimjui mwizi kwa sura yake. Humjua kwa kukosa ufunguo tu. Mwenye mali akipotewa na ufunguo, au akiwa nao lakini hajui namna ya kuutia katika tundu lake, mbele ya kufuli huwa sawasawa na mwizi. Jambo hili huwapata hasa watu wanaohama kutoka namna moja ya Linux kwenda namna nyingine. Sanduku wanaliona, neno la siri wanalikumbuka, lakini mlango haufunguki, na kazi ya miaka mingi iko upande wa pili wa mlango huo. Makala haya yakusudia kueleza sababu za jambo hilo, na njia ifaayo kufuatwa ili mwenye mali aifikie mali yake.

Linux na distro zake

Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini cha mfumo uongozao kompyuta. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji, kama vile injini peke yake isivyomfikisha msafiri aendako. Zatakiwa pia programu za kuandikia, za kuchapia, za kuonyesha picha na za kutunza hati. Wako watu na makampuni wanaokikusanya kiini pamoja na programu hizo, wakazipanga, wakazijaribu, kisha wakazitoa kwa jumla. Kila mkusanyo wa namna hiyo watumiaji huuita distro. Slackware na Debian zilianza mwaka 1993. Fedora ilianza mwaka 2003. Na Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina la Ubuntu ni neno la lugha za Kibantu za kusini, na ndugu yake katika Kiswahili ni utu. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zilizotiwa lugha ya Kiswahili. Basi habari za programu huria si ngeni kwa wasomi wa lugha hii.

Distro zote zina kiini kimoja kwa asili, lakini programu zake hazilingani umri. Debian hupenda utulivu: toleo lake likishatolewa hubaki na programu zile zile kwa miaka, likitengenezwa makosa tu. Arch Linux, kinyume chake, hupokea programu mpya kila mara. Kwa hiyo kufuli lililotengenezwa leo katika distro moja laweza kuwa geni kabisa katika distro nyingine ambayo programu zake ni za miaka iliyopita. Tena distro moja yaweza kuitupa programu ambayo nyingine bado yaitunza. Hapo ndipo ulipo mzizi wa shida nyingi. Aghalabu hati hazikuharibika, wala neno la siri halikukosewa, bali mkono ulioshika ufunguo haukuzoea kufuli lile.

Kanuni na ufunguo

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kanuni ya kufumba na ufunguo. Katika miji ya pwani umekuwapo mchezo wa kusema kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa, na kitabu kikawa bukita. Mchezo huo una kanuni, lakini hauna ufunguo. Aijuaye kanuni hujua kila kitu, na siri ikishatoka kwa mmoja imetoka kwa wote. Ndiyo sababu kinyume hudumu kuwa siri kwa muda mfupi tu.

Mwaka 1883 mwalimu Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, alieleza kwamba mfumo wa siri wa jeshi hauna budi kuwa salama hata adui akiujua wote, maadamu haujui ufunguo. Ushauri huo ndio msingi wa ufumbaji wa leo. Kanuni iitwayo AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kukubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 2001, yajulikana duniani kote. Kila mtu aweza kuisoma. Siri imo katika ufunguo peke yake.

Kutokana na hayo lafuata jambo lenye faraja. Hakuna kanuni ya Ubuntu wala kanuni ya Fedora. Kanuni ni zile zile katika distro zote, na diski iliyofumbwa katika moja yaweza kufumbuliwa katika nyingine. Kinachotofautiana ni habari ndogo ndogo zinazozunguka kanuni hiyo: urefu wa ufunguo, njia ya kuligeuza neno la siri liwe ufunguo, mahali zilipoandikwa habari hizo, na programu ijuayo kuzisoma. Neno la siri likiwa sahihi, lakini mojawapo ya habari hizo likakosewa, matokeo ni takataka tupu. Kwa hiyo anayetaka kufungua hana budi aulize kwanza: hati hizi zilifumbwa kwa namna gani? Namna zilizo maarufu ni tatu, nazo ni kufumba sanduku zima, kufumba chumba cha mtumiaji, na kufumba hati moja moja.

Kufumba sanduku zima

Katika namna ya kwanza hufumbwa diski nzima, au sehemu yake moja. Chombo cha kazi hii katika kiini cha Linux huitwa dm-crypt, nacho kiliingizwa mwaka 2004. Wakati huo kila distro ilikuwa na desturi yake ya kuandika habari za kufuli, na nyingine hazikuziandika kabisa. Ili kuondoa fujo hiyo, Clemens Fruhwirth alibuni utaratibu uitwao LUKS, kusudi diski iliyofumbwa mahali pamoja ifunguke mahali pengine. Programu iviongozayo vyote viwili ni cryptsetup, ambayo distro zote kubwa zinayo.

Utaratibu wa LUKS ni huu. Mwanzoni mwa sehemu iliyofumbwa huandikwa kichwa, na katika kichwa hutajwa kanuni iliyotumika pamoja na mambo yake yote. Hati zenyewe hufumbwa kwa ufunguo mkuu, ambao mtumiaji haujui wala hahitaji kuujua. Ufunguo mkuu nao umefungiwa ndani ya kichwa, na neno la siri la mtumiaji ndilo liutoalo. Kichwa kina matundu kadhaa, na kila tundu laweza kupewa neno lake la siri. Ndiyo sababu mtu aweza kubadili neno la siri kwa dakika moja bila kuifumba upya diski yote. Na ndiyo sababu pia watu wawili waweza kuwa na maneno mbalimbali kwa sanduku moja.

Faida hiyo yabeba hatari yake. Kichwa kikiharibika, ufunguo mkuu umepotea, na diski yote imepotea pamoja nao, hata kama kila herufi ya hati iko mahali pake na neno la siri li moyoni mwa mwenyewe. Kichwa cha LUKS ni kidogo mno kikilinganishwa na diski: katika utaratibu mpya kwa kawaida ni megabaiti 16 tu. Programu ya kuweka distro mpya ikiambiwa kwa makosa kuipanga upya sehemu hiyo, au mtu akitoa amri ya luksFormat akidhani ni amri ya kufungua, megabaiti hizo hufutika mara moja. Jina la amri hiyo lina maana ya kutengeneza kufuli jipya, si kufungua la zamani, na haina toba.

LUKS ina matoleo mawili, na hapa ndipo wahamaji wengi wakwamapo. Toleo la kwanza lina matundu manane. Toleo la pili, liitwalo LUKS2, lililetwa na cryptsetup 2.0 mwezi wa Desemba mwaka 2017, nalo laweza kuwa na matundu 32. Kuanzia cryptsetup 2.1 ya mwaka 2019, diski mpya hufumbwa kwa LUKS2 mtumiaji asiposema vingine. Debian 9, iliyotolewa mwaka 2017, ilikuwa na cryptsetup 1.7, isiyoijua LUKS2. Debian 10, iliyotolewa mwaka 2019, ilikuwa na cryptsetup 2.1. Mtu aliyefumba diski ya nje katika Debian 10, akaipeleka katika kompyuta ya Debian 9, aliambiwa kwamba diski hiyo si ya LUKS inayofaa. Wengine kwa kusoma maneno hayo walidhani diski imekufa, wakaifuta. Haikuwa imekufa, ilikuwa yasema lugha ambayo mwenyeji wake hakupata kujifunza. Dawa yake ilikuwa kuifungua kwa distro mpya zaidi, basi.

Toleo la pili lilileta pia njia mpya ya kuligeuza neno la siri liwe ufunguo, iitwayo Argon2. Njia hii hudai kumbukumbu nyingi ya kompyuta kwa makusudi, ili mwizi ajaribuye maneno mamilioni apate taabu. Kiasi cha kumbukumbu hupimwa siku sanduku lilipotengenezwa, kwa nguvu ya kompyuta ile, na chaweza kufika gigabaiti moja. Diski iliyofumbwa katika kompyuta kubwa, ikichomekwa katika kompyuta ndogo yenye kumbukumbu chache, yaweza kukataa kufunguka ingawa neno la siri ni sahihi na programu ni mpya. Hapo hapana kosa la kutafuta katika herufi. Yatakiwa mashine yenye nafasi zaidi.

Njia ya kufungua

Mwenye diski ya LUKS iliyotoka katika distro nyingine afuate hatua hizi. Kwanza ahakikishe kwamba cryptsetup imo katika distro yake. Kama haimo, aiweke. Pili, atoe amri ya lsblk, ambayo huonyesha diski zote na sehemu zake, apate kulijua jina la sehemu inayohusika, mathalan /dev/sdb3. Tatu, atoe amri ya cryptsetup luksDump pamoja na jina hilo. Amri hii husoma kichwa bila kubadili chochote, na humwambia toleo la LUKS, kanuni iliyotumika, na matundu yaliyojazwa. Anayeyajua hayo ameshafika nusu ya safari.

Nne, atoe amri ya cryptsetup open --readonly, akifuatisha jina la sehemu na jina lolote apendalo, kwa mfano kale. Neno --readonly huzuia kuandika, na ni busara kulitumia mara ya kwanza, kwani mgeni aingiapo nyumba asiyoijua huangalia kabla ya kugusa. Baada ya kulisema neno la siri, sehemu iliyofumbuliwa hujitokeza kwa jina la /dev/mapper/kale. Tano, aiunge kwa amri ya mount pamoja na neno -o ro, azione hati zake.

Mara nyingine hatua ya tano hushindikana, na sababu yake ni kwamba ndani ya sanduku mna sanduku jingine. Distro nyingi zimezoea kuweka LVM ndani ya LUKS. LVM ni utaratibu wa kuigawa nafasi ya diski katika vyumba viwezavyo kupanuliwa na kupunguzwa. Hapo yatolewe amri ya vgchange -ay, na vyumba vitajitokeza vyenyewe. Iwapo diski ya zamani na diski ya sasa zote mbili ziliwekwa na distro ile ile, majina ya LVM yaweza kugongana, kama vile watoto wawili wa shule moja walioitwa Juma bin Ali. Dawa yake ni kuubadili jina mkusanyo mmoja kwa amri ya vgrename, ukitambulishwa kwa namba yake ndefu, ambayo haina mwenzake, badala ya jina lake. Amri hiyo huandika katika diski, kwa hiyo sharti sanduku lifungwe, kisha lifunguliwe tena bila --readonly. Fedora nayo, kuanzia toleo la 33 la mwaka 2020, hutumia mpango wa hati uitwao Btrfs katika kompyuta za mezani. Aiungaye diski yake hukuta mbele yake folda mbili, root na home, na hati zake zimo katika ile ya pili.

Kufumba chumba cha mtumiaji

Namna ya pili yatofautiana sana na ya kwanza. Hapa diski haifumbwi. Hufumbwa hati za mtumiaji mmoja, kila hati peke yake, pamoja na jina lake. Chombo kilichotumika sana ni eCryptfs. Kuanzia mwaka 2009 Ubuntu ilimpa kila aiwekaye nafasi ya kufumba chumba chake kwa njia hiyo, na watu wengi waliikubali. Mwaka 2018, katika toleo la 18.04, Ubuntu iliiondoa nafasi hiyo katika programu ya kuiweka distro. Red Hat Enterprise Linux 7 ya mwaka 2014 ilikuwa imeshaiacha eCryptfs, na Debian 10 ilitolewa bila programu zake kwa sababu ya kasoro ambayo haikuwa imetengenezwa. Hivyo watu waliofumba vyumba vyao kwa nia njema walijikuta na kufuli ambalo distro nyingi hazina habari nalo.

Achomekaye diski ya namna hii katika distro nyingine haulizwi neno la siri. Huona folda iitwayo .Private, na ndani yake majina marefu yaanzayo na herufi ECRYPTFS_FNEK_ENCRYPTED. Wengi hudhani kwamba ni uharibifu. Si uharibifu, ndizo hati zenyewe.

Siri ya eCryptfs ni kwamba neno la siri la kuingilia katika kompyuta silo ufunguo wa hati. Ufunguo ni neno jingine lenye herufi 32, lililobuniwa na kompyuta yenyewe, na neno la kuingilia hulifungua neno hilo tu. Neno lile la herufi 32 limehifadhiwa, likiwa limefungwa, katika hati iitwayo wrapped-passphrase, iliyomo katika folda ya .ecryptfs. Kwa hiyo mtu anakiliye folda ya .Private peke yake, akaiacha folda ya .ecryptfs, akaifuta diski ya zamani, amechukua sanduku na kuutupa ufunguo baharini. Hataokolewa ila kama aliandika lile neno la herufi 32 mahali pengine, jambo ambalo Ubuntu ilikuwa ikiwahimiza watumiaji kulifanya, na ambalo wengi waliliahirisha mpaka kesho.

Njia iliyo nyepesi ya kuzikomboa hati hizo ni kuiwasha kompyuta kwa Ubuntu iliyomo katika kijiti cha USB, kuiweka humo programu ya ecryptfs-utils, na kutoa amri ya ecryptfs-recover-private. Amri hiyo huzitafuta folda zilizofumbwa, huliuliza neno la siri la zamani la kuingilia, kisha huziweka hati wazi zipate kusomwa tu. Hapo mwenye mali azinakili zote katika diski nyingine iliyofumbwa kwa LUKS. Si vema kuendelea kuzitunza kwa eCryptfs, kwa kuwa njia isiyopitwa na watu huota majani.

Kufumba hati moja moja

Namna ya tatu ni ya kufumba hati moja ili itumwe au itunzwe. Hapa programu mbili zastahili kutajwa, kwa kuwa kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni openssl. Katika matoleo ya zamani amri yake ya enc iligeuza neno la siri kuwa ufunguo kwa njia iitwayo MD5. Katika toleo la 1.1.0 la mwaka 2016 njia hiyo ilibadilishwa ikawa SHA-256. Hati yenyewe haikuandikwa ndani yake ni njia ipi iliyotumika. Matokeo yakawa kwamba hati iliyofumbwa katika Ubuntu 16.04, yenye openssl ya zamani, ilikataa kufumbuliwa katika Ubuntu 18.04, na programu ikasema bad decrypt, maneno yale yale isemayo mtu akikosea neno la siri. Mtu aweza kukaa siku nzima akijaribu maneno yote aliyopata kuyatumia maishani, kumbe neno lake la kwanza lilikuwa sahihi. Dawa ni kuongeza -md md5 katika amri, yaani kuitaja njia ya zamani.

Ya pili ni GnuPG, ambayo hutumia funguo mbili, mmoja wa kufungia na mwingine wa siri wa kufungulia. Hadi toleo la 2.0 funguo za siri zilitunzwa katika hati iitwayo secring.gpg. Toleo la 2.1 la mwaka 2014 lilianza kuzitunza katika folda iitwayo private-keys-v1.d. Mtu aliyetengeneza ufunguo kwa toleo jipya, kisha akanakili folda ya .gnupg na kuipeleka katika distro yenye GnuPG 1.4, aliona ufunguo wake wa kufungulia hauko. Njia salama si kunakili folda, bali kuutoa ufunguo kwa amri ya gpg --export-secret-keys katika kompyuta ya kwanza, na kuuingiza kwa gpg --import katika ya pili.

Kibodi na namba ya mwenye hati

Yako mambo mawili yasiyohusu ufumbaji wenyewe, nayo huwatesa watu kama yangekuwa yanauhusu.

La kwanza ni kibodi. Neno la siri halionekani linapoandikwa, na distro mpya yaweza kudhani kwamba kibodi ni ya Kimarekani hali ni ya Kifaransa. Kibodi za Kifaransa hupatikana pia Kongo na Burundi, na katika kibodi hizo herufi za a na q zimebadilishana mahali, na w na z vilevile. Mtu aandikaye wazazi huenda anaandika herufi nyingine kabisa pasipo kujua. Lugha ya Kiswahili ina bahati, kwani huandikwa kwa herufi tupu zisizo na alama juu wala chini, na herufi hizo hutunzwa namna moja katika kompyuta zote. Lakini imo alama moja ya kuhadhariwa, nayo ni ile ya ng' katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Mahali pa alama hiyo hutofautiana kwa kila kibodi. Katika nyingine haitokei mpaka kitufe kifuatacho kibonyezwe. Na programu za kuandikia huibadili ikawa ya kupinda. Atungaye neno la siri kwa Kiswahili aiepuke. Tena, kabla ya kukata tamaa, aliandike neno lake mahali panapoonekana, ahakikishe kwamba vidole vyaandika yale ayanuiayo, kisha alifute.

La pili ni namba ya mwenye hati. Linux haiandiki jina la mwenye hati, bali namba yake. Katika distro nyingi mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000. Fedora, kabla ya toleo la 16 la mwaka 2011, ilianzia namba 500. Mwenye diski ya zamani aweza kulifungua sanduku kwa amani, akaziona hati zake zote, na bado akaambiwa hana ruhusa ya kuzisoma, kwa sababu namba iliyo juu ya hati si namba yake ya leo. Hilo si fumbo tena. Msimamizi wa kompyuta huzibadili namba hizo kwa amri ya chown, ama huzinakili hati mahali papya.

Desturi zifaazo

Kutokana na yaliyoelezwa zaweza kutolewa desturi chache. Kila mwenye diski ya LUKS atoe nakala ya kichwa kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup, aitunze mbali na diski yenyewe. Nakala hiyo ilindwe vema, kwani aliye nayo pamoja na neno la siri la siku ile aweza kuifungua diski hata kama neno limebadilishwa baadaye. Pamoja na nakala hiyo iandikwe karatasi ndogo isemayo mambo manne: namna ya ufumbaji, toleo lake, distro iliyotumika, na mwaka. Karatasi hiyo si siri. Kerckhoffs alikwisha kufundisha kwamba kanuni si siri. Karatasi hiyo huokoa siku nyingi za kubahatisha.

Anayehama distro asiifute ya zamani kabla hajazisoma hati zake katika mpya. Kuziona majina hakutoshi. Azifungue mbili tatu, azisome mpaka mwisho. Na kijiti cha USB chenye distro ya zamani kisitupwe, kwa kuwa siku kufuli la kale litakapokataa mikono mipya, kijiti hicho ndicho kitakachokumbuka lilivyofungwa.

Mwisho, kazi iliyo ya wengi isiwe na ufunguo kwa mtu mmoja. Matundu ya LUKS yamewekwa zaidi ya moja kwa sababu. Chuo, idara au familia iwekayo kumbukumbu zake chini ya neno la siri la mtu mmoja imezikabidhi kwa uhai wa mtu huyo, na mwanadamu hana mkataba na uhai wake. Tundu la pili hujazwa kwa amri ya cryptsetup luksAddKey, na neno lake likafungiwa ndani ya bahasha katika sefu ya ofisi. Sauti za wazee zilizorekodiwa, orodha za maneno zilizokusanywa kijiji kwa kijiji, na habari ambazo watu walizitoa kwa sharti la kutunziwa siri, hazipotei kwa wizi tu. Hupotea pia kwa kufungwa vizuri mno na mtu ambaye hakumwambia mwenzake namna ya kuzifungua.